Uliza Maalim: Vigae tisa vya Kisauni na miche ya Likoni

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani, huku Mji wa Kale, baada ya alasiri, nikiwa na kikombe cha kahawa chungu na mfuko wa vizibo vya soda. Vizibo vina kazi yake, mtaiona. Barua tatu zimenijia kutoka sehemu tatu za Mombasa, na zote, bila ya wenyewe kujuana, zinauliza jambo moja: majirani wakikatazwa kufanana, mtaa unaweza kupangwa kwa namna ngapi? Nimeipa ya fundi nafasi kubwa kwa sababu imenikumbusha aibu yangu ya zamani.

*

Maalim, shikamoo. Mimi ni fundi wa vigae, kazi zangu nyingi ziko huku Kisauni. Bi mmoja amenipa varanda ndogo ya vigae tisa, vitatu kwa vitatu, vile vikubwa vya sentimita 60. Ananunua rangi tatu: buluu, nyeupe na nyekundu ya udongo. Sharti lake ni kwamba vigae vinavyogusana ubavu kwa ubavu visiwe rangi moja. Pembe kwa pembe hana neno. Akaniambia nimchoree namna zote achague. Nikapiga hesabu kwa simu: cha kwanza kina rangi 3, kila kinachofuata kina 2, kwa hiyo nikaichukua 3 nikaizidisha kwa 2, kurudia mara nane, nikapata 768. Mwanangu wa kidato cha pili akacheka, akasema ni 246. Nani mkweli? Na nyingine: mimi hupanga ukingo kwanza ili niuone umekaa sawa, lakini mara kwa mara nikifika katikati hakuna rangi inayokubali. Na je, ukumbi wake wa ndani, upana vigae vitatu na urefu kumi, una namna ngapi?
— Fundi, Kisauni

Marahaba, fundi. Mwanao ndiye mkweli. Mnunulie viazi vya karai, na umwombe radhi kwa yale uliyomwambia, maana nina hakika ulimwambia kitu.

Lakini kosa lako mimi mwenyewe nimewahi kulifundisha. Mwaka wangu wa pili kazini, mbele ya kidato cha tatu, nilichora ubaoni mraba wa vyumba vinne, nikaandika 3 × 2 × 2 × 2 = 24, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: “Maalim, na hicho cha nne kikikuta majirani wawili wasiopatana?” Nikamwambia tutalitazama kesho. Usiku ule usingizi ulikuwa wa mang’amung’amu.

Chukua hivyo vigae vinne, viwili juu na viwili chini. Cha juu kushoto kina rangi 3. Cha juu kulia kina 2, na cha chini kushoto kina 2. Cha nne, cha chini kulia, kinagusana na hivi viwili vya mwisho kwa pamoja. Vikiwa rangi moja, cha nne kimebakiwa na nafasi 2. Vikiwa rangi mbalimbali, kimebakiwa na 1 tu. Viwili hivyo vinafanana kwa namna 6, kila moja ikizaa 2, hizo ni 12. Vinatofautiana kwa namna 6 nyingine, kila moja ikizaa 1, hizo ni 6. Jumla 18. Wewe na mimi tulimhesabia kila kigae jirani mmoja, na sakafu haiishi hivyo.

Sasa varanda. Anzia katikati, kama afanyavyo fundi anayepiga uzi kutoka kuta zote nne hadi zikutane. Kigae cha katikati kina rangi 3. Tuseme ni nyeupe. Kinagusana na vinne: cha juu, cha chini, cha kulia na cha kushoto. Hivyo nitaviita mikono. Kila mkono sasa ni buluu au nyekundu. Zimebaki pembe nne, na kila pembe inagusana na mikono miwili. Mikono hiyo ikifanana, pembe ina nafasi 2. Ikitofautiana, ina 1. Basi, hesabu yote imekuwa ni kuuliza mikono inapatana vipi.

Ikiwa yote minne ni rangi moja, na hilo hutokea kwa namna 2, kila pembe iko huru: 2 × 2 × 2 × 2 ni 16, jumla 32. Ikiwa mmoja umeasi na mitatu imepatana, namna hizo ni 8; pembe mbili zilizo kando ya mwasi zimefungwa, mbili ziko huru, kwa hiyo kila moja inazaa 4, jumla 32 tena. Ikiwa ni miwili kwa miwili, na wanaofanana wamekaa kando kwa kando, kuna namna 4, pembe mbili huru, jumla 16. Na ikiwa wanaofanana wanatazamana, juu na chini kwa rangi moja, kulia na kushoto kwa nyingine, kuna namna 2, na pembe zote zimefungwa: 2 tu. Jumlisha 32, 32, 16 na 2 upate 82. Zidisha kwa rangi 3 za katikati: 246.

Hayo nimeyapanga kwa vizibo juu ya kibao cha dama, rangi tatu za vizibo, mpaka mjukuu akaja akachukua vyekundu kwenda kuvifanyia magurudumu ya gari la mkebe. Lakini tulikwisha fika 82.

Kuhusu kukwama kwako: huna mkosi, una mpangilio mbaya. Ukingo wa varanda ni vigae vinane vilivyoshikana kama pete, na pete hiyo peke yake inaweza kupakwa kwa namna 258. Tazama, ni zaidi ya 246! Maana yake ziko pete zisizokubali kuwa sakafu. Ni zile ambazo mikono minne imekwisha tumia rangi zote tatu, kwa hiyo cha katikati hakina pa kupita. Nimezihesabu: ziko 60. Kwa hiyo ukiweka ukingo bila kutazama ndani, karibu mara moja katika nne utakuja kubandua kigae ambacho saruji yake haijakauka, ukiwa na bahati. Ukianza katikati, ukaenda mikononi, ukamalizia pembeni, huwezi kukwama hata siku moja, kwa sababu hakuna kigae kitakachokuta majirani zaidi ya wawili wamemtangulia, na rangi ziko tatu. Vivyo hivyo ukipanga safu kwa safu kutoka pembe moja: kila kigae kinakuta wa kushoto na wa juu tu.

Kupanga safu kwa safu ndiko kutakakotufikisha kwenye ukumbi. Safu ya vigae vitatu huwa ya aina mbili. Ama ncha zake zinafanana, mfano buluu, nyeupe, buluu; hiyo niite safu ya pacha. Ama vyote vitatu ni mbalimbali. Hiyo niite ya mchanganyiko. Kila aina ina safu 6, jumla 12. Chini ya safu ya pacha zinaweza kukaa pacha 3 na mchanganyiko 2. Chini ya mchanganyiko zinaweza kukaa pacha 2 na mchanganyiko 2. Usiniamini, chukua karatasi uandike safu zote tano zinazoweza kukaa chini ya buluu, nyeupe, buluu, utaziona.

Basi tunaanza na 6 na 6. Safu ya pili, pacha ni 3 × 6 + 2 × 6, yaani 30, na mchanganyiko 2 × 6 + 2 × 6, yaani 24, jumla 54. Safu ya tatu, pacha 138 na mchanganyiko 108. Jumla 246. Tumekuja kwa mlango mwingine tukaikuta nambari ileile sebuleni, na hapo ndipo mimi huiamini hesabu.

Kuanzia hapo iko njia ya mkato ambayo mwanao ataipenda: jumla mpya ni ya mwisho mara 5, utoe iliyoitangulia mara 2. Safu ya nne ni 5 × 246 utoe 2 × 54, yaani 1,122. Ya tano ni 5,118. Endelea hivyo mpaka ya kumi, upate 10,107,954. Mwambie Bi huyo kwamba ukumbi wake una michoro zaidi ya milioni kumi na wewe una kalamu moja.

Kwa varanda unaweza kujipunguzia. Ikiwa haina mlango wala ngazi ya kuifanya iwe na mbele na nyuma, ukichora mchoro mmoja kisha ukazungusha karatasi, si mchoro mpya. Usigawe 246 kwa 4 lakini. Haigawanyiki, na sababu ni kwamba iko michoro inayorudi ileile ukiizungusha. Inayobaki ileile kwa robo duru ni 12, kwa nusu duru ni 30, na kwa robo tatu ni 12 tena. Jumlisha hizo na 246 upate 300, sasa gawa kwa 4: michoro 75. Hiyo ndiyo kazi yako, fundi, michoro 75, na ningekuwa wewe ningedai malipo ya kuchora mbali na ya kubandika.

Nimeulizwa na jirani aliyekuwa akinisikiliza nikihesabu: na sakafu ikiwa pana, si vitatu tu? Hapo safu zenyewe huongezeka aina. Upana wa vigae 10 una safu 1,536, na kila moja lazima uiulize inakubaliana na zipi. Nne kwa nne ni namna 7,812. Tano kwa tano ni 580,986. Kibao cha dama, nane kwa nane, kikipakwa rangi tatu, zinapita trilioni 40. Lakini kwa sakafu pana isiyo na mwisho ipo kanuni safi, na aliyeipata hakuwa akitafuta vigae. Mwaka 1967 Elliott Lieb wa Marekani alikuwa akihesabu barafu.

Ndiyo, barafu, hiyohiyo wanayopondea wavuvi. Ndani yake kila oksijeni ina majirani wanne, na haidrojeni nne njiani: mbili zimekaa karibu nayo, mbili zimekaa mbali. Zinaweza kujipanga kwa namna ngapi? Linus Pauling mwaka 1935 alikadiria kwamba kila molekuli ya maji huzidisha namna kwa 1.5. Lieb aliichukua barafu iliyolazwa bapa kama sakafu, akaipata kwa ukamilifu: 4/3 mara kipeuo cha pili cha 4/3, yaani karibu 1.54. Na nambari hiyo ndiyo ya vigae vya rangi tatu pia.

Sababu yake naipenda kuliko yote niliyowahi kufundisha. Zipe rangi zako majina 0, 1 na 2, na baada ya 2 unarudi 0. Simama pale vigae vinne vinapokutana, pale unapotia kile kimsalaba cha plastiki. Zunguka. Kila ukivuka kutoka kigae hadi kigae rangi hubadilika, kwa hiyo ama unapanda moja ama unashuka moja. Hatua nne, na lazima urudi kwenye rangi uliyoanza nayo. Ukipanda mara nne, umepitiliza kwa moja. Ukipanda tatu na kushuka moja, umepitiliza kwa mbili. Haiwezekani ila mbili juu na mbili chini. Kila makutano ya sakafu yako, fundi, yanatii sheria ya barafu: mbili karibu, mbili mbali.

*

Maalim, rangi mbili zikitumika je? Na mbona tunaambiwa rangi nne ndizo zinazohitajika, wakati kibao cha dama kina mbili na kinatosha?
— Mwanafunzi, Changamwe

Kwa rangi mbili jibu ni 2, sakafu iwe kubwa iwe ndogo. Ukishaweka kigae kimoja umekwisha weka vyote.

Rangi nne ni habari ya ramani, na maana yake ni kwamba hakuna ramani itakayodai ya tano. Si kwamba kila ramani inadai nne. Swali lilianza mwaka 1852 kwa kijana Francis Guthrie aliyekuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza (baadaye alikuja kufundisha hisabati Afrika Kusini), na likajibiwa mwaka 1976 na Kenneth Appel na Wolfgang Haken, waliosaidiwa na kompyuta kupekua mafumbo yaliyobaki. Wazee wa hisabati walinuna: uthibitisho gani huu usiosomeka kwa macho?

Chukua kaunti zetu sita za Pwani. Mombasa, Kwale na Kilifi zinapakana zote tatu, kwa hiyo zinadai rangi tatu, namna 6. Taita-Taveta inapakana na Kwale na Kilifi, basi haina budi kuvaa rangi ya Mombasa. Tana River inapakana na Kilifi na Taita-Taveta, basi inavaa ya Kwale. Lamu inapakana na Tana River tu kati ya hizi, ina hiari 2. Jumla 12, na ya nne hatukuigusa. Chora upake.

*

Maalim, salaam aleikum. Nauza miche, nina trei zenye matundu kumi na sita, manne kwa manne. Miche miwili nikiipanda kwenye matundu yanayopakana, majani yanasongana. Nikamuuliza kijana wangu anayesomea kompyuta trei moja inaweza kupandwa kwa namna ngapi. Akabonyeza, akanionyesha kwenye kioo: 1234. Nikamwambia sipendi mzaha na mimi ni mamake. Ameapa si mzaha. Nimwamini?
— Mama wa miche, Likoni

Waaleikum salaam, dadangu. Mwamini. Nami nilidhani ni mzaha, nikaweka kahawa chini nikahesabu kwa mkono.

Trei yako ni ndugu ya varanda ya fundi, ila ina rangi mbili, mche na tupu, na ni mche peke yake ulionyimwa ujirani; tundu tupu linaweza kukaa na tundu tupu mwenziwe. Safu moja ya matundu manne ina namna 8: tupu kabisa, mche mmoja popote (4), au miwili iliyoachana (3). Ukiweka safu ya pili, kila safu ya juu unaiuliza ni zipi kati ya zile 8 zinazokubali kukaa chini yake. Iliyo tupu inazikubali zote 8. Yenye mche tundu la kwanza inakubali 5. Yenye mche la kwanza na la nne inakubali 3 tu. Zote pamoja, safu mbili ni 41. Safu tatu ni 227. Safu nne ni 1,234, barabara, moja mbili tatu nne. Imetokea tu. Hakuna siri ndani yake, na ukiongeza tundu moja kila upande uzuri wote unapotea.

Jihadhari na jambo moja: kijana amehesabu hata trei tupu, ambayo hutaiuza. Na ukitaka miche mingi iwezekanavyo, ni 8, na kwa 8 ziko namna 2 tu, mpango wa dama kuanzia tundu la kwanza au kuanzia la pili. Nyingine zote, zaidi ya elfu na mia mbili, zina miche pungufu.

Mwambie sasa aijaribu programu yake kwa matundu matano kwa matano. Akipata 55,447 iko sawa. Akipata nyingine, atazame kwanza kama ameisahau ile safu tupu; wengi huisahau.